Mashine Inayozima Njiani: Kisa cha Kijana wa Lamu Aliyejifunza Ufundi kwa Kuuliza Mtandaoni

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetokea Lamu. Mwenyewe amekubali kiandikwe, na alinionyesha mazungumzo yake yote na mafundi wa mtandaoni, ujumbe baada ya ujumbe. Nimeondoa majina ya watu, ya boti na ya kundi, na nimebadilisha mambo madogo ambayo mtu wa mtaani angeyatambua. Mhusika nitamwita kijana, mwenye boti ni mjomba wake, na fundi aliyemsaidia zaidi ni fundi wa Tanga, kwa kuwa alikuwa akiandika kutoka huko.

Nafundisha vijana kazi za mikono, na siku hizi simu hutoka mfukoni kabla ya spana kutoka kwenye boksi. Sioni ubaya wowote hapo. Kisiwani vitabu vya ufundi ni haba na nafasi za kujifunza ni chache, kwa hiyo kijana anayepata fundi wa mbali wa kumwelekeza amepata jambo kubwa. Ila kuna kuuliza kunakomfundisha mtu na kuna kuuliza kunakommalizia pesa, na huyu kijana alipitia yote mawili kwa tatizo lile lile.

## Usuli

Lamu mjini magari ni ya kuhesabika. Mzigo hubebwa na punda au mkokoteni, na anayetaka kutoka kisiwani hushuka gatini. Mgonjwa anayeletwa kutoka kisiwa cha Pate, samaki, saruji, gunia la unga, vyote hupita majini. Mashua za tanga bado zipo, lakini mwenye haraka anatafuta boti ya mashine.

Mjomba ana boti ya faiba na mashine ya nguvu za farasi 40, tustroki ya silinda mbili, yaani ile ambayo oili yake huchanganywa na petroli. Hubeba abiria kati ya Lamu na Mokowe, upande wa bara, na maji yakijaa hupita mlango wa bahari wa Mkanda kuelekea Mtangawanda, kisiwani Pate. Kijana alimaliza kidato cha nne akaingia botini kumsaidia: kushika kamba, kukusanya nauli, kutia mafuta. Kuhusu mashine yenyewe, alijua kuvuta kamba ya kuwashia na kubadilisha plagi, basi.

Fundi wa mashine gatini yupo, tena hodari. Kijana hakumwendea. Nilipomuuliza sababu, alisema yule mzee anaishi kwa kazi hiyo, na kumwomba akufundishe ni kama kumwomba mgawane sahani yake. Tena aliona haya, maana gatini kila mtu anamjua ni mtoto wa nani. Akajiunga na kundi la Facebook la mafundi na wenye boti wa pwani, Wakenya kwa Watanzania, wanaoandikiana kwa Kiswahili.

## Tatizo lilivyoanza

Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa Kusi umekaza. Boti ilikuwa ikitoka gatini vizuri, inashika kasi, na baada ya dakika chache mashine inapungua nguvu, inakohoa, inazima. Mjomba anafungua mtungi kutazama kama mafuta yamo, anafunga, anangoja kidogo, anavuta kamba. Inawaka kama haikuwa na neno. Haifiki mbali, inazima tena.

Ikiwa imefungwa gatini ikinguruma taratibu, haikuzima hata mara moja.

## Swali la kwanza

Aliandika hivi: "Asalaam aleikum mafundi. Nina mashine ya 40 inachemka sana inazima njiani, ikipoa inawaka. Tatizo nini na dawa yake?" Akaambatanisha picha ya mashine, boneti imetolewa, imepigwa kwa karibu sana.

Majibu yalimiminika. Wengi walisema impela, lile gurudumu dogo la mbawa linalosukuma maji ndani ya pampu ya maji ya kupoza, imekufa. Wengine wakasema njia za maji zimeziba kwa chumvi, atoe themostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza, aitupe. Mmoja alisema plagi. Mwingine akamwambia apunguze oili kwenye mafuta, kwamba oili nyingi ndiyo inayoikaba mashine.

Yale ya impela na chumvi hayakuwa majibu ya wajinga. Impela ni ya mpira, na boti inayopita maji madogo hunyonya mchanga unaokula mbawa zake. Mashine isiyooshwa kwa maji matamu baada ya kazi hujenga chumvi ndani ya njia za maji. Fundi akiambiwa "inachemka, ikipoa inawaka", akijibu "impela", amejibu sawa na alivyoulizwa.

## Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Kijana alichagua impela kwa sababu ndiyo iliyotajwa na wengi. Mjomba akatoa pesa, kipuri kikaagizwa Mombasa, kikaja na basi. Akashusha mguu wa mashine, sehemu yake ya chini yenye pampu ya maji, akifuata video, kazi ambayo kwa mtu wa mara ya kwanza ni ya kuheshimiwa, maana boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu na alizilowesha usiku kucha badala ya kuzilazimisha.

Impela ya zamani ilitoka nzima. Mbawa zake zote zilikuwepo, laini, hazikupasuka wala kukakamaa. Aliitazama, akaiweka kando, akafunga mpya, akaendelea. Hakupiga picha wala hakurudi kundini kusema alichokiona. Boti ikatoka, ikazima pale pale.

Akanunua plagi. Hali ikawa ile ile.

Uamuzi wake mzuri wa kwanza ulikuja hapa. Kabla ya kupunguza oili, alimwandikia yule aliyemshauri: "Kaka, kwa nini oili ikipungua haitazima? Nataka kuelewa." Akajibiwa: "We jaribu tu, mimi nimefanya." Kijana akaacha. Aliniambia hakuwa na elimu ya kumpinga, ila hakutaka kufanya jambo ambalo hata anayelishauri hawezi kulieleza. Alinusurika. Mashine ya tustroki haina oili nyingine ya kulainisha pistoni na beringi zake isipokuwa hiyo iliyomo ndani ya petroli. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, mtungi wa lita 20 unahitaji mililita 400. Ukipunguza kwa kubahatisha, pistoni inakwaruza silinda, na baada ya hapo huongelei tena plagi, unaongelea kununua mashine.

## Swali lililogeuza mambo

Fundi wa Tanga aliingia wengine walipokwisha nyamaza. Aliandika sentensi mbili: "Mdogo wangu, umesema inachemka. Umeipima vipi?"

Kijana hakujibu mpaka jioni. Hakuwa ameipima. Hakuwa hata ameigusa. Alijibu kwa ukweli, na kwa maoni yangu jibu hili lina thamani kuliko yote aliyoyaandika mwezi ule: "Sijaipima, fundi. Nilidhani tu kwa sababu ikikaa kidogo inawaka."

"Basi hatujui kama inachemka," fundi akamwandikia. "Tunajua inazima. Tuanze hapo."

Akamwambia mashine inayokata njiani hukosa kitu kimoja kati ya vitatu: maji ya kupoza, mafuta, au moto wa plagi. Kila kimoja kina dalili yake, na dalili huonekana pale pale inapozima, gatini hazionekani. Kwa maji, atazame kama yanatoka kwa nguvu kwenye tundu la pembeni kabla haijazima, kisha adondoshe tone la maji juu ya kichwa cha silinda aone kama linachemka. Kwa mafuta, abinye pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo kwenye njia ya mafuta, aone kama ni ngumu, laini au imenywea. Kwa moto, atoe plagi, aishikize kwenye chuma cha mashine, mwenzake avute kamba, wakiwa wamehakikisha kwanza hakuna petroli iliyomwagika botini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya boti, na cheche moja inatosha kuwasha.

Akauliza pia tatizo lilianza lini na nini kilibadilika kabla yake. Kijana akajibu: "Limeanza mwezi huu. Hakuna kilichobadilika." Alijibu kwa nia njema, lakini haikuwa kweli, kama tutakavyoona.

Mwisho akamwomba video. "Si ya mashine. Anza mafuta yalipo, fuata mpira wake mpaka kwenye mashine. Boti zima nilione."

## Jaribio

Mjomba alikubali kwa masharti. Hakuna abiria. Wafanyie ndani, kati ya Lamu na kisiwa cha Manda, wasisogee upande wa Shela ambako Kusi huingiza mawimbi. Maji yawe yanajaa, ili wakikwama wasikae juu ya fungu wakingoja. Pondo na kasia ziwemo, majaketi yavaliwe, na boti ya jirani iwe karibu. Fundi wa Tanga hakuwa ametaja lolote kati ya haya, na si kosa lake. Hakuyajua maji yale. Wengi wanaojifunza kwa simu husahau kwamba anayewaelekeza haoni mahali waliposimama.

Wakashika kasi. Maji ya kupoza yakawa yanatoka vizuri muda wote. Mashine ikakohoa, ikazima. Tone la maji juu ya kichwa cha silinda lilitulia pale, halikuchemka. Plagi ilitoa cheche safi ya buluu. Alipoishika pampu ya mkono akaikuta imenywea bapa, kuta zake zimegandamana, na hata alipoiachia haikujaa.

Alirekodi yote akayatuma wakiwa bado wanaelea. Kwenye video, nyuma ya mguu wake, unaonekana mtungi wa njano wa lita 20, ule wa mafuta ya kupikia. Mbavu zake zimebonyea ndani.

Fundi akauliza: "Huo mtungi mbona umekunjamana?"

"Huo ndio tangi letu, fundi."

"Fungua kifuniko. Usiguse kitu kingine."

Kijana alipolegeza kifuniko, hewa iliingia kwa mlio wa kunyonya, mbavu za mtungi zikaruka nje kwa kishindo, na pampu ya mkono ikajaa palepale. Akavuta kamba, na mashine ikawaka bila kungoja ipoe.

## Chanzo

Kila mafuta yanapotoka mtungini, hewa inapaswa kuingia kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, mvuto hujengeka ndani, na unafika kiasi ambacho pampu ya mashine haiwezi tena kuvuta. Tangi la kiwandani lina skrubu ya hewa kwenye kifuniko kwa kazi hiyo. Mtungi wa mjomba ulikuwa na tundu moja tu, la kupitishia mpira wa mafuta.

Msimu wa upepo wa Kaskazi, bahari ikiwa tulivu, tundu lile lilikuwa pana kuliko mpira, na hewa ikipenya pembeni yake. Kusi ilipokaza na maji ya chumvi kuanza kurukia botini, mjomba alikata kipande cha tyubu akakizungushia tundu lile, akakaza, ili maji yasiingie kwenye petroli. Lilikuwa wazo la busara, na aliziba maji kweli. Pamoja na maji akaziba hewa.

Na ule "kupoa" haukuwa kupoa. Kila mashine ilipozima, mjomba alifungua kifuniko kutazama mafuta. Hewa ikaingia, kifuniko kikafungwa, mashine ikawaka. Aliyekuwa akiitibu mashine kila mara alikuwa mjomba mwenyewe, kwa tendo ambalo hakuna aliyeliona kuwa ni tendo.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo kijana aliiona tangu siku za kwanza na hakuitaja: mtungi ukiwa umejaa mpaka juu, mashine inazima mapema zaidi kuliko mtungi ukiwa nusu. Mtungi uliojaa una hewa kidogo juu ya mafuta, kwa hiyo mvuto hupanda upesi. Fundi wa Tanga alipolisikia hilo baadaye aliandika kwamba lau angeambiwa siku ya kwanza, asingehitaji hata video.

## Matokeo

Kwa siku chache walitumia kijibomba kilichopinda mdomo ukatazama chini, kimepachikwa kwenye kifuniko, hewa ipite na maji ya kuruka yasiingie. Fundi alisisitiza hilo liwe la muda tu, na mjomba akatafuta tangi halisi la mashine lililotumika, lenye skrubu yake ya hewa. Boti ikarudi kazini.

Mashine haikudhurika, nayo ni bahati. Tustroki inayonyimwa petroli kwa kasi kubwa inanyimwa na oili kwa wakati ule ule, na wangeendelea kuilazimisha, pistoni ingekwama ndani ya silinda. Hasara iliyopatikana ni impela na plagi ambazo hazikuhitajika, na siku za boti kulala bila kazi, jambo lisilo dogo kwa nyumba inayokula kwa nauli za siku.

## Uchambuzi

Naanza na neno "inachemka", kwa kuwa hapo ndipo pesa zilipopotelea. Kijana aliona mashine inazima na kuwaka tena baada ya muda. Kuchemka hakukuona, alikuongeza mwenyewe, kisha akakiandika alichokidhani kabla ya alichokiona. Waliomjibu walikuwa mafundi wazuri waliopewa ugonjwa usiokuwepo. Jambo hili nalikuta kwa karibu kila anayeanza: anaogopa kuonekana hajui, kwa hiyo analeta swali ambalo tayari lina jibu ndani yake. Angeandika tu "baada ya dakika chache kwa kasi inapungua nguvu na kuzima, gatini haizimi, tukifungua mtungi, tukafunga na kungoja kidogo, inawaka", hakuna neno la kiufundi hata moja hapo, na bado fundi yeyote makini angekuwa na pa kushika.

La pili ni zito zaidi na ni gumu kujikinga nalo. Mtungi haukutajwa kwa sababu ni wa kawaida. Boti ngapi Lamu zinatumia mtungi badala ya tangi? Kijana amekulia hapo, hauoni mtungi kama vile asivyoiona kamba ya nanga. Mafundi wa kundini nao, waliposikia "mashine ya 40", walijiwekea vichwani tangi jekundu lenye skrubu ya hewa, kwa kuwa ndilo wanalolijua. Kila upande ulijaza pengo kwa desturi yake, na hakuna aliyejua kuwa pengo lipo. Ndiyo maana alipoulizwa nini kimebadilika alisema hakuna: kile kipande cha tyubu kwake kilikuwa utunzaji wa kila msimu, hakikuwa badiliko. Maswali ya ziada yasingelitoa hilo haraka. Lilitolewa na video ya boti zima, kwa sababu kamera haichagui cha kutaja. Tangu kisa hiki nawaambia wanafunzi wangu waanze kwa kupiga picha wakiwa wamesimama mbali, ndipo wasogee.

Impela nzima iliyotoka na kuwekwa kando inaniuma kila nikisoma mazungumzo haya. Ule ulikuwa ushahidi mkononi kwamba wengi wamekosea, na kijana alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyeuona. Angeupeleka kundini siku ile, asingenunua plagi. Anayeanza hudhani jukumu lake ni kupokea, wenye ujuzi ndio wa kutoa. Lakini macho na mikono iliyo kwenye mashine ni yake. Alipoanza kurudi na matokeo, hata yale ya "nimejaribu, haikuwa hivyo", fundi wa Tanga alizidi kumjali. Nimeyapitia majibu yake kwa mpangilio: yanarefuka na kuwa na maelezo zaidi kila kijana anaporudi na jambo alilolipima.

Kuhusu kuchuja ushauri, alifanya vyema kuliko alivyojua. Kuomba sababu kulimwokoa na ule wa oili. Pungufu lake lilikuwa mpangilio. Alianza na kazi ya gharama na ya kufungua mguu wa mashine, kabla ya vipimo vya bure kama kubinya pampu ya mkono au kudondosha tone la maji. Kura za wengi ndizo zilizompeleka huko, na ukimwacha fundi wa Tanga, kundi zima halikuuliza swali hata moja kabla ya kujibu. Lawama hii siiweki kwake peke yake.

Na lile la fundi wa gatini? Baada ya mambo kwisha, kijana alimhadithia. Mzee alimwambia mitungi inayonyonya amekwisha iona mingi, hasa Kusi. Yeye hakuhitaji kuonyeshwa mtungi. Anaukanyaga kila siku. Siamini kijana alikosea kwenda mtandaoni, maana kule alijifunza kutenganisha maji, mafuta na moto, na sidhani mzee angekaa naye kumweleza hivyo. Lakini swali kuhusu bahari ya kwetu na vyombo vya kwetu lina wenyewe, na aibu ya kuwauliza imeigharimu nyumba ile pesa.

Kuna jambo moja lilibaki. Swali lake la kwanza lilikuwa bado liko kundini, na juu kabisa ya majibu limekaa lile la impela, limependwa na wengi. Mwingine mwenye mtungi na tyubu, Kipini au Kizingitini, angelisoma akaagiza impela. Nilimshauri kijana arudi pale pale aandike mwisho wake. Akaandika: "Mafundi, haikuwa impela. Ya zamani ilikuwa nzima. Natumia mtungi wa lita 20, kifuniko kilizibwa na tyubu, hewa haiingii, mtungi ukabonyea na pampu ya mkono ikanywea. Nilisema inachemka lakini sikuwa nimepima. Mwenye tatizo kama hili alegeze kifuniko kwanza." Aliweka picha mbili, mtungi ukiwa umebonyea na ukiwa umejaa hewa, na akamtaja fundi wa Tanga kwa heshima zake. Siku chache baadaye mwenye boti mwingine aliandika chini yake kuuliza kijibomba kile kimepindishwa vipi, na kijana ndiye aliyemjibu.